Wa Bulaya nao ni wa nyumba, tuangalie Watonga

Ndugu Mhariri,

Naandika juu ya ile barua mliyotoa wiki iliyopita, ya msomaji mwenzangu aliyesema wale wa Bulaya, yaani ndugu zetu wanaoishi ng'ambo, watume pesa na wanyamaze, juu hawalali na sisi, hawasikii risasi, hawajui gunia la makala ya kupikia limefika bei gani. Niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikubali kabisa, nikasema huyu mzee amesema kweli. Mara ya pili nikakumbuka kiti cha plastiki, na usingizi ukakataa.

Kile kiti ni hivi. Baba yetu alipofariki, siku ya tatu ya matanga familia ilikaa kuzungumza maneno ya parsele, kile kiwanja cha baba. Dada yetu mkubwa, sisi tunamwita yaya, anaishi Auckland kule New Zealand, alifika huko na watoto wawili akitokea kambi ya wakimbizi, sasa ni miaka mingi. Tiketi ya ndege ilimshinda. Basi tukaweka simu juu ya kiti cha plastiki katikati ya watu, kati ya baba mkubwa na mchungaji, tukaiegemeza kwenye chupa ya maji ili yaya aone nani amekaa wapi. Yeye ndiye alilipa jeneza. Alilipa turubai, mchele, maharagwe, mpaka na sukari ya chai ya wale waliolala nje pamoja na sisi. Alipofungua kinywa kusema parsele isiuzwe, baba mkubwa akaangalia ile simu akasema, "Wewe binti yangu ulishaolewa, tena umeshakuwa Muzungu, haya ni maneno ya wenye kukaa hapa." Hakuna aliyejibu. Mimi pia sikujibu, na hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Kisha mega za intaneti zikaisha, sura yake ikaganda na mdomo wazi, na sisi tukaendelea kuzungumza mbele ya ile sura iliyoganda.

Baada ya siku chache alinipigia. Nilidhani ataniambia maneno ya hasira, kumbe alinianzia na Watonga, watu wa visiwa vya Tonga. Mahali anapofanya kazi, kwenye kampuni ya kufunga matunda, mama wengi wa pale ni Watonga, na mmoja ni jirani yake ukuta kwa ukuta. Akaniambia, ndugu yangu, hawa watu wako na maneno kama yetu tu, lakini wao hawamfungi mtu mdomo, wanagombana mpaka usiku, wa nyumbani na wa nje, na asubuhi bado ni familia.

Tangu siku ile nimekuwa nasoma juu ya hiyo Tonga kila nikipata mega. Ni ufalme wa visiwa, zaidi ya 160, kule katikati ya bahari ya Pasifiki, na watu waliobaki nyumbani ni kama 100,000 tu, hata kartie, yaani mitaa, mbili tatu za Goma zinaweza kuwapita. Walioko nje ni wengi kuliko wa ndani. Sensa ya New Zealand ya 2018 peke yake ilihesabu zaidi ya 82,000, bado Australia, bado Marekani ambako wamejaa Utah na California. Pesa wanazotuma ni zaidi ya theluthi moja ya pato la nchi nzima. Sasa fikiria nchi ya namna hiyo ikisema wa nje wanyamaze, watu watakula nini?

Halafu kuna lile la volkano, na hapo sisi wa Goma hatuhitaji kufundishwa. Tarehe 22 Mei 2021 jioni Nyiragongo ilipopasuka, mbingu ikawa nyekundu kama kaa la moto, tulikimbia na godoro kichwani na watoto mkononi, wengine upande wa Sake, wengine Gisenyi, na lava ikaja kusimama Buhene karibu na uwanja wa ndege. Yaya alipiga simu usiku mzima bila kutupata. Miezi minane tu ikapita, tarehe 15 Januari 2022, volkano ya Hunga Tonga-Hunga Ha'apai ikapasuka chini ya bahari, mawimbi yakaingia visiwani, kwenye kisiwa cha Mango hakuna nyumba iliyobaki imesimama, na ule waya wa intaneti unaopita chini ya bahari ukakatika. Watonga wote wa dunia wakabaki bila sauti ya nyumbani. Yule jirani alikuja kukaa jikoni kwa yaya, simu mkononi, anapiga na kupiga, na yaya anasema hakuwa na neno la kumwambia, alimshika tu mkono juu yeye mwenyewe alikuwa amepita hapo hapo. Waya mkubwa ulirudi baada ya kama wiki tano. Lakini hawakungoja waya. Watonga wa Auckland walikusanyika kwenye uwanja wa michezo wa Mount Smart na mapipa, wanajaza unga, maji, mikebe ya nyama, wanaandika jina la familia na la kijiji ubavuni mwa pipa, kontena juu ya kontena. Watu wa namna hiyo, meli ikishashusha mzigo, utawaambia siasa haiwahusu?

Na siasa yao ina historia ndefu. Mfalme George Tupou wa Kwanza alitoa Katiba tarehe 4 Novemba 1875, miaka kumi kabla Leopold hajakatiwa Kongo yake kule Berlin. Katiba ile ilikataza kumuuzia mgeni udongo, na mpaka leo imekataza, hiyo peke yake inatosha mtu wa Kivu avue kofia. Waingereza waliweka ulinzi wao pale toka 1900 hadi 1970 lakini mfalme alibaki mfalme. Shida ilikuwa kwamba mfalme ndiye alichagua mawaziri wote, na bungeni machifu wenye vyeo, ambao vyeo vyao ni 33 nchi nzima, walikuwa na viti 9, na raia wote waliobaki nao viti 9. Mwalimu mmoja, 'Akilisi Pohiva, aliingia bungeni 1987 akaanza kuuliza pesa za leta, yaani za serikali, zinakwenda wapi. Mwaka 1996 wakamfunga pamoja na waandishi wawili wa gazeti, eti wamedharau bunge.

Hapo Ndugu Mhariri nataka usome polepole, juu inakuhusu. Gazeti lenyewe linaitwa Taimi 'o Tonga, na lilikuwa linachapishwa Auckland, kule nje, kisha linaingizwa nyumbani. Mwaka 2003 serikali ikalipiga marufuku lisiingie, ikabadilisha hata Katiba ili ipate nguvu ya kubana magazeti, na mwaka uliofuata mahakama ikasema hapana, hiyo haiwezekani. Yaani maneno ambayo mtu wa Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, aliogopa kuyachapisha mlangoni kwake yalimfikia kutoka kwa ndugu zake wa ng'ambo. Nani hapo alikuwa mtu wa nje na nani wa ndani? Mimi sioni mpaka.

Mwaka 2005 wafanyakazi wa leta waligoma wiki sita. Tarehe 16 Novemba 2006 mambo yakaharibika, watu waliona bunge linataka kufunga bila kuamua mageuzi, kundi likaingia mjini na sehemu kubwa ya katikati ya Nuku'alofa ikachomwa, watu wakafa. Hii siipiti haraka, juu ni hapa namwelewa yule msomaji mwenzangu. Maduka yakiungua, wa kulala na harufu ya majivu ni wa nyumbani. Na sisi tunawajua wale ndugu zetu wanaokaa kwenye nyumba yenye joto huko Brussels au Ottawa wanaandika ingieni barabarani, chomeni, msiogope, wakati mtoto wa kuingia barabarani si wao waliomzaa. Hao nami nawakatalia uso kwa uso. Nimemwambia yaya mwenyewe, kuna maneno unaweza kusema na kuna maneno huwezi kutuamuru, na akakubali.

Lakini Tonga haikuishia kwenye moto. Mfalme George Tupou wa Tano akakubali kuachia sehemu kubwa ya nguvu zake, na mwaka 2010 bunge likawa na viti 26 vya kuchaguliwa, 17 vya raia na 9 vya machifu, na bunge ndilo linachagua waziri mkuu. Mwisho wa 2014 yule yule Pohiva waliyemfunga akawa waziri mkuu. Mwaka 2017 mfalme aliyekuja baadaye akavunja bunge, watu wakarudi kupiga kura Novemba ya mwaka ule ule, na watu wa Pohiva wakapata viti 14 kati ya 17. Siku chache kabla ya kura hiyo timu yao ya ragbi ya wachezaji 13 ilikuwa imewapiga New Zealand, na wachezaji wengi wa timu ile ni watoto wa diaspora waliozaliwa au kukulia nje, wakaacha timu tajiri wakavaa nyekundu ya Tonga. Yaya anasema Auckland ilijaa bendera nyekundu mpaka magari hayapiti. Pohiva alifariki Septemba 2019, na wanajua kugombana mpaka leo. Kuna wa nje wanaosema mfalme aguswe kidogo tu, bila yeye Tonga si Tonga. Kuna wa ndani wanaosema machifu 9 waondoke wote. Usidhani wa nje wote ni wapinzani na wa ndani wote ni wa mfalme, imechanganyika kama mboga ya sombe.

Tena wana neno la udongo ambalo kwetu lingewasha moto. Sheria yao inampa kila mwanaume akifika miaka 16 haki ya kiwanja cha nyumba na shamba la eka 8 na robo. Mwanamke hapati hivyo. Na siku hizi udongo hautoshi, huku shamba la aliyekwenda Australia linaota majani na kijana wa kijiji hana pa kupanda mihogo. Huyo kijana akikasirika ana haki. Na mama aliyefanya usafi miaka ishirini akijenga nyumba ya wazazi kisha anaambiwa udongo ni wa kaka, naye ana haki, na namuona yaya wangu pale kabisa. Kwetu sheria ya familia inasema watoto wote wanarithi sawa, binti na kijana. Imeandikwa. Lakini siku ya matanga nani anafungua hiyo sheria?

Tofauti kubwa ambayo nataka wasomaji waishike ni hii. Watonga mwaka 2007 walibadilisha sheria ya uraia. Zamani aliyechukua uraia wa nchi nyingine alipoteza wa Tonga, sasa anaweza kushika yote mawili. Kura bado hawapigi wakiwa nje, anayetaka kura yake apande ndege, na hilo ni moja ya mambo wanayogombania. Sisi ni kinyume. Mwaka 2023 tuliwafungulia wa nje kura kwenye nchi tano, Ubelgiji, Ufaransa, Kanada, Marekani na Afrika Kusini, sawa, ni hatua. Lakini kifungu cha 10 cha Katiba yetu ya 2006 bado kinasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine. Yaya alichukua uraia wa New Zealand ili watoto wasome na asirudishwe kambini, na alipokwenda kwenye ofisi moja kuuliza karatasi za kuja kumlilia baba, alijibiwa aombe viza kama mgeni mwingine yeyote. Viza ya kuja kuzika baba yake! Na mtu huyo huyo, tangu banki za mji wetu zifungwe, ndiye anatuma pesa kwa simu kila mwezi ili watoto wangu wasifukuzwe masomo.

Maneno ya kubadilisha Katiba yameanza tangu 2024, kila mtu na lake, na sitaingia humo juu ya mambo ya vita, kila msomaji anajua tuko wapi. Nasema hivi tu: kama kweli watafungua ile Katiba, wafungue kifungu cha 10, na wabunge waulizwe kwa jina wanasema nini. Na nyinyi wa gazeti naomba mtoe nafasi kwa barua za wa Bulaya, si za kusifu na si za kutukana, barua za watu kama yaya, na wa hapa wajibu kwenye ukurasa huo huo.

Kwa ile parsele, bado haijauzwa. Niliandika jina la yaya kwa mkono wangu kwenye karatasi ya warithi nikampelekea baba mkubwa, akaisoma, akaiweka mfukoni bila kusema ndiyo wala hapana. Tunakaa tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kiti chake nimekiweka upande wangu, na mega nimeshanunua za siku nzima.

Msomaji wenu, Goma