YAH: Filta ya chuma mliyonitumia badala ya za karatasi, na maelekezo mabovu kwenye kipeperushi

Kwa Kitengo cha Huduma kwa Wateja,

Habari za kazi. Nimeamua kuandika barua kabisa maana kule WhatsApp tunazungushana tu, kila anayepokea meseji yangu ananijibu neno lile lile, dada filta ni filta, tena hiyo ya chuma ndo nzuri haiishi. Sio kweli, na naomba mtu mwenye mamlaka asome hii mpaka mwisho.

Nilichooda ni kile kifaa chenu cha kukamulia kahawa kwa mkono, cha mtindo wa AeroPress, pamoja na pakiti ya filta za karatasi. Mzigo umefika huku Mbeya una kifaa, filta moja ya chuma ambayo sikuiomba, na kipakiti kidogo cha karatasi ambazo hata hazienei kwenye kofia, ule mfuniko wa chini unaoshika filta. Hela mmechukua yote na risiti inasema karatasi.

Nilitaka karatasi kwa sababu ya mama yangu. Amekunywa kahawa ya kuchemsha kwenye birika tangu ujana wake, sasa daktari kamwambia kolesteroli iko juu apunguze mafuta. Kuacha kahawa hataki, na mimi sioni kwa nini nimuachishe wakati njia ipo. Kwenye mafuta ya kahawa kuna vitu viwili, kafestoli na kahweoli, ndo vinavyopandisha ile kolesteroli mbaya, na kahawa ukiichemsha bila kuchuja unavinywa vyote, ila ukiipitisha kwenye karatasi sehemu kubwa inanasa pale pale kwenye karatasi. Kule Tromsø, Norwei, watafiti walishaliona hili tangu miaka ya 1980, wanywaji wa kahawa ya kuchemsha kolesteroli yao ilikuwa juu kuliko wanaokunywa ya kuchuja. Kwa hiyo mnaponiambia chuma na karatasi ni kitu kimoja, kwa mama yangu hilo ni jambo la afya, sio la ladha peke yake.

Na hata ladha yenyewe ni tofauti, mtu yeyote anaona kwa macho. Shikeni hiyo filta ya chuma muiangalie kwenye mwanga, vitundu vyake vinaonekana. Kahawa ikipita hapo mafuta yanapita nayo na ule unga mwembamba unapita pia, acha kikombe kitulie kidogo utaona vijiduara vya mafuta vinang'aa juu na chini mashapo kama tope. Ya karatasi inatoka safi, nyepesi, ule uchachu mzuri wa kahawa ya Mbozi unausikia vizuri mdomoni. Sisemi ya chuma ni mbaya jamani, wapo wanaopenda kahawa nzito na mimi mwenyewe siku nyingine naipenda, ila ukitumia chuma inabidi usage chengachenga zaidi na usikoroge sana, la sivyo unakunywa unga. Hilo nalo kipeperushi chenu hakisemi popote, kina maelekezo ya aina moja tu kwa filta zote mbili.

Sasa hizo karatasi. Nimepima kwa rula zina milimita 60, wakati kofia ya kifaa inataka 64, yaani pembeni pote kunabaki mwanya. Ukimwaga maji kahawa inatiririka kabla hujakoroga, na ukianza kusukuma maji yanakimbilia kule pembeni penye mwanya badala ya kupita katikati ya kahawa, kikombe kinatoka na machicha na bado kahawa ni majimaji haijaiva. Nilipowaeleza, kasitoma kea akanijibu nisage laini zaidi halafu nisukume kwa nguvu zote!

Huo ushauri ni mbaya hata karatasi ingekuwa ya saizi sahihi. Ukisukuma kwa nguvu zote kahawa inashindiliwa, maji yanatafuta upenyo mmoja dhaifu yapite hapo hapo, upande mmoja unakamuliwa mpaka uchungu na mwingine haujaguswa. Inatakiwa ulowanishe karatasi kwanza kwa maji ya moto ikae vizuri kwenye kofia na ile harufu ya karatasi itoke, uweke kahawa na uimwagie maji, ukoroge, usubiri kidogo, halafu mchi, ile sehemu ya kusukumia, uushushe polepole kwa uzito wa mkono tu, kama sekunde 20 hadi 30, ukisikia hewa inaanza kufoka unaacha hapo hapo. Mchi ukiwa mgumu hauendi, maana yake umesaga laini mno, tatizo sio nguvu zako.

Halafu kuna suala la maji. Kipeperushi kinasema kwa herufi kubwa kabisa tumia maji ya nyuzi 100. Kwetu Mbeya tuko juu, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hiyo 100 hatuipati hata tukeshe jikoni. Na wala haihitajiki, Alan Adler aliyebuni AeroPress kule Marekani ikaingia sokoni 2005 alikuwa anashauri nyuzi 80 hivi ili uchungu usizidi. Watu wengine wanapandisha kidogo kama kahawa imekaangwa kidogo, sawa, lakini kumwambia mteja mgeni kwamba lazima iwe 100 ni kumharibia kahawa yake halafu aje aseme kifaa kibovu.

Ninachotaka ni mnitumie karatasi zinazoenea, milimita 64, idadi ile ile niliyolipia, na gharama ya kusafirisha iwe yenu. Filta ya chuma ichukueni, nitaipeleka kwenye ofisi ya basi mkinithibitishia mtakaolipia kifurushi ni nyinyi. Kama karatasi hamna basi rudisheni hela nitatafuta kwingine. Na pale kwenye tangazo lenu mlipoandika filta ya chuma ni sawa na za karatasi mpatoe, kuna watu wananunua kwa sababu kama ya kwangu.

Risiti nimeambatanisha, pamoja na picha ya karatasi ikiwa juu ya kofia muone huo mwanya. Nijibuni kwa barua pepe hii hii.

Mteja wenu,
Mbeya