Barua kwa Mwanangu: Kigoda cha Alfajiri

Mpunguzi, Dodoma

Mwanangu mpendwa Neema,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, ambako sote hatujambo, na upepo wa kiangazi umeanza kupeperusha vumbi lake. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeandika kwamba siku zako huko Dar es Salaam zinapita bila wewe kuzionja, na ukauliza ni jambo gani ninalolifanya kila alfajiri nikiwa nimeketi kwenye kigoda, nimefumba macho, ilhali sisali wala silali.

Ni tafakuri, mama. Alipofariki mama yako nilifanya kazi kama mtu aliyetumwa, na ugali wa uwele na mlenda aliouandaa shangazi yako niliumeza bila kujua kama una chumvi. Presha ilipopanda, muuguzi mmoja alinielekeza niketi nihesabu pumzi, nikizitoa taratibu kuliko ninavyozivuta, kwa kuwa pumzi inapotoka polepole moyo nao hupunguza mwendo. Niliichukua kama dawa ya presha tu. Baadaye nilisoma kwamba Wabudha wa India walianza na pumzi hiyohiyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na kwamba mwaka 1979, huko Massachusetts, Marekani, mwalimu wa tafakuri aitwaye Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu, si kuyakimbia maumivu yao, bali kuketi nayo na kuyaangalia. Hapo ndipo niliposhtuka, kwa maana mimi nilikuwa nimekimbia mwaka mzima.

Usidhani unatakiwa kuyafuta mawazo. Mimi nikifika pumzi ya nne hukumbuka deni la mbolea. Nikigundua kwamba nimeondoka, hurudi kwenye pumzi bila kujigombeza, na kule kurudi ndiko kazi yenyewe.

Asubuhi moja, siku chache baada ya kupogoa mizabibu, nilikuwa nimeketi shambani. Nilipofumbua macho niliona tone la maji kwenye ncha ya tawi lililokatwa, kwa kuwa mzabibu uliopogolewa wakati udongo una unyevu hutoa maji penye jeraha. Lilivimba taratibu, likameta, likatikisika kwa upepo, kisha likadondoka juu ya mkono wangu, nami nikausikia ubaridi wake hadi kwenye kiwiko. Nimepogoa mizabibu zaidi ya miaka 20 na sikuwahi kuliona. Nikalia, mwanangu, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na huzuni ile, pamoja na uzito wake wote, nikaitambua kuwa ni yangu. Mchana wake nilipokaa kula, nilimwambia shangazi yako kwamba mlenda umekolea chumvi. Akaniangalia kwa muda mrefu, hakusema neno.

Anza na dakika tano, kabla hujashika simu. Ukija Desemba utakuta kigoda cha mama yako nimekiweka pembeni ya changu.

Ni mimi baba yako.