Kabla ya kurudisha rili, tuonyeshe rodi

Kila baada ya wikendi ndefu, hapa dukani kwetu tunapouza rili na rodi za kuvulia samaki, malalamiko ni yale yale: "Rili mliyoniuzia ni mbovu, inakoroga mshipi." Wengine huongeza kwamba tumekula pesa yao, kwa sababu mtandaoni wameiona kwa nusu bei. Sisi huuliza kwanza, umeifunga kwenye rodi gani? Rodi yenyewe mara nyingi imeachwa nyumbani.

Beitikasta ni aina ya rili inayokaa juu ya rodi, na spuli yake, yaani kigurudumu kinachobeba mshipi, huzunguka unaporusha. Inataka rodi iliyotengenezwa kwa ajili yake: yenye kitriga cha kushikia kidole, na pete ndogo nyingi zinazotazama juu. Rodi ya spini, yaani ya rili ya kawaida inayokaa chini ya rodi, pete zake ni kubwa na chache, nazo huning'inia chini. Ukiigeuza ili ufungie beitikasta, samaki akivuta rodi inapinda na mshipi unalala kwenye rodi yenyewe kati ya pete moja na nyingine. Dereva mmoja wa boti za watalii alituletea ya namna hiyo. Mshipi wa kusuka ulikuwa umeshaichimba rodi, ikakatika akiwa na samaki mkononi. Alitaka tumrudishie pesa ya rili! Rili ilikuwa nzima kabisa.

Sasa tazama maandishi yaliyo juu ya mpini. Rodi ya MH (ngumu kiasi) ikisema ratili 10 hadi 20 na wakia robo hadi moja, ratili ni nguvu ya mshipi, na wakia maana yake chambo cha gramu 7 hadi 28. Rili lazima ibebe mshipi wa nguvu hiyo, na wa kutosha. Kuna wanaotaka kurusha vichambo vya gramu 3 kwa beitikasta ya kawaida. Chambo chepesi hivyo hakina uzito wa kuvuta spuli vizuri, kwa hiyo mtu anakaza mkono, anarusha kwa hasira, na mshipi unafumuka wote. Huyo tunamuuzia rili ya spini, ya bei ya chini zaidi, ingawa yeye alikuja na picha ya ile ya ghali.

Halafu kuna namba za gia. Mteja akiona 8.1 anadhani ni bora kuliko 6.3 kwa kuwa ni kubwa. Namba hiyo ni mizunguko ya spuli kwa kila mzunguko mmoja wa mkono wa rili, basi. Chambo kinachopiga mbizi na kuvuta maji kwa nguvu kinataka gia ya chini, la sivyo kiganja kitakuuma kabla ya saa nne. Hapa Naivasha sisi hupendekeza karibu na 7, kwenye rodi ya futi 7. Samaki aitwaye blekbasi aliletwa ziwani humu kutoka Marekani mwaka 1929, na tangu maji yalipopanda mwaka 2020, migunga iliyokaukia majini na nyua zilizofunikwa zimekuwa makao yake. Akimeza chambo anarudi ndani ya matawi. Usipokusanya mshipi haraka umempoteza, na chambo umekiacha huko.

Tuje kwenye bei. Ukinunua kwetu tunajaza spuli mpaka ibaki kama milimita 3 chini ya ukingo. Chini ya mshipi wa kusuka tunatanguliza nailoni kidogo, kwa sababu wa kusuka huteleza kwenye chuma na dragi, ile inayokaza mshipi samaki akivuta, ikaonekana imekufa. Kisha tunafunga chambo chako mwenyewe na kurekebisha kitufe cha pembeni kinachobana spuli: chambo kishuke polepole, na kikigusa sakafu spuli isimame. Breki, inayopunguza kasi ya spuli unaporusha, inafuata. Kazi hiyo inataka subira, na wapo wanaosema, "Fundi, nipe tu boksi niende."

Hao ndio wanaorudi. Njia yao ya mkato ni kukaza kile kitufe mpaka mwisho ili mshipi usikoroge. Kweli hautakoroga, ila chambo kitaanguka karibu na boti. Utaanza kurusha kwa nguvu za bega, huku beringi zikibanwa bure. Upepo wa mchana ukianza, ongeza breki, kitufe kiache. Na tafadhali, mafuta ya kupikia si ya rili! Mzee mmoja alitia yake akidhani anaokoa pesa ya sevisi. Yaliganda na mchanga wa ufukweni, na gia zilizosagika zikamgharimu zaidi ya sevisi kadhaa.

Anayetaka kulinganisha bei na mtandao, karibu, alinganishe na kazi hii ndani yake. Rili uliyonunua kwingine pia tunaifunga na kuirekebisha, kwa malipo. Njoo na rodi, na chambo unachotumia zaidi, asubuhi kabla wenye boti hawajajaa kaunta.