Kabla hujampandisha Mama melini

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Nimefurahi mno kusikia Mama amefika salama hapa Marekani kutoka Lamu, na kwamba unataka kumtembeza visiwa vya Karibi wiki nzima kwa meli ya Icon of the Seas. Umeniuliza kama ataiweza safari. Ataiweza, na atafurahi. Ila meli hizi zimepangwa kwa watu wenye miguu ya haraka, na mtu mzima wa umri wake, tena mwenye sukari, lazima apangiwe mambo yake mapema. Mengi ninayokuandikia niliyaona tulipokwenda na mama mkwe wangu, mengine nayasema kama muuguzi.

Kwanza viza. Meli inaondoka Miami na kurudi Miami, lakini katikati inatoka nje ya Marekani, kwa hiyo kurudi kwake ni kuingia nchini upya. Viza ya Mama ikiwa ya kuingia mara moja tu, usilipe hata senti moja. Ikiwa ya mara nyingi, bado waulize wenye meli masharti ya pasipoti ya Kenya kwa kila kisiwa mtakachofika, na jibu ulitake kwa maandishi. Watakuja watu wakuambie cheti cha kuzaliwa chatosha. Hao ni raia wa Marekani, Mama hayumo.

Kisha chumba. Meli yenyewe ina urefu wa mita 365 na ghorofa 20, na ikijaa hubeba abiria 7,600, mbali na wafanyakazi 2,350. Fikiria Mama amesahau miwani chumbani na chumba kiko kule tezini, nanyi mmeshakaa omo kungojea onyesho. Basi chukua chumba cha katikati, karibu na lifti, na kisiwe juu sana, maana huko katikati ya chini ndiko meli inakoyumba kidogo. Kiti cha magurudumu nendeni nacho chenu. Vile vya melini huwa ni vya kupandia na kushukia, na vya dharura, hamtaachiwa wiki nzima.

Na hapa usibane pesa: chukua chumba chenye roshani. Cha ndani ni rahisi, lakini hakina dirisha la nje, na ukizima taa hujui kama ni usiku au mchana. Kelele za meli hii ni nyingi, Mwanaisha. Muziki kwenye mabwawa, matangazo, watoto, watu wanaoteleza kwenye mabomba ya maji huku wakipiga mayowe. Vijana wanayapenda hayo na ni haki yao, wamelipa. Mama atataka pahala pa kukaa na tasbihi yake na kikombe cha chai, mbele yake bahari tu. Soma vizuri unapolipia, kwa sababu zipo roshani zinazotazama ndani, kwenye bustani iliyo katikati ya meli. Ni nzuri, ina miti ya kweli na iko wazi juu, lakini bahari huioni.

Hofu yake ya mrama naielewa. Mwambie asiifikirie ile boti ya kuvukia Mokowe hadi Lamu siku ya kusi. Meli kubwa namna hii ina mapezi chini ya maji, ubavuni, yanayotuliza myumbo, na siku nyingi anaweza akasahau kabisa kuwa yuko majini. Upepo ukichacha ataisikia. Msimu wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na nahodha hukikwepa kimbunga kwa kubadilisha njia, kwa hiyo kisiwa kimoja kinaweza kufutwa au kubadilishwa na kingine. Usimwahidi Mama kisiwa, mwahidi safari. Vidonge vya kichefuchefu usimpe kabla ya kumuuliza daktari wake. Baadhi huwalevya wazee wakaanguka, na kuanguka kwa mtu mzima ni jambo kubwa. Tangawizi haina shida.

Siku ya kupanda, masanduku makubwa mtayaacha bandarini kwa wachukuzi, na huenda yasifike chumbani mpaka jioni. Insulini, vidonge, kipimo cha sukari, pasipoti na buibui la kubadilisha vyote viwe kwenye mkoba wa mkononi, usiuachilie kabisa. Friji ya chumbani isipokuwa na baridi ya kutosha mwambie mhudumu wenu, na muombe pia kile kichupa kigumu cha kutupia sindano. Pasi, birika la umeme na mishumaa viacheni nyumbani kwa sababu ya hatari ya moto, vitachukuliwa mlangoni.

Meli haiondoki kabla ya zoezi la usalama. Mtatazama maelekezo kwenye simu au runinga, kisha mtakwenda wenyewe mpaka kituo chenu cha kukusanyikia siku ya hatari mkaandikishwe. Watu wengi hulifanya huku wameshika vinywaji. Nyinyi lifanyeni kwa makini. Costa Concordia ilipogonga mwamba kule Italia Januari 2012 na watu 32 wakafa, wapo abiria waliokuwa wamepanda siku ileile na hawajafanya zoezi bado. Ndipo sheria ikabadilishwa, sasa lifanyike kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Mfundishe Mama ishara yenyewe, honi saba fupi na moja ndefu. Mtembeze kwa miguu kutoka chumbani hadi kituoni mara moja, kwa ngazi, kwa kuwa siku ya hatari lifti hazitumiki. Asipoweza ngazi, waambie wahusika siku hiyohiyo ya kwanza wamwandike kuwa ni mtu wa kusaidiwa.

Chakula kipo kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane, na kingi kimo ndani ya nauli. Lakini usichukulie kwamba nyama ni halali. Wapigie simu wiki kadhaa kabla, kisha jioni ya kwanza mwite mkubwa wa wahudumu wa mkahawa mezani, umweleze Mama anakula nini na hali nini, pamoja na mambo ya divai kwenye mchuzi. Sisi tulikula samaki, mayai na mboga za Kihindi, na mama mkwe wangu hakulala na njaa. Aliyetusaidia zaidi ni mhudumu wa chumba, kijana wa Kiindonesia. Alipoona mswala umekunjwa kitini akatutolea salamu, akatuambia mpishi gani tumuulize.

Kwa sala, kibla ya upande ule wa dunia ni kaskazini-mashariki, lakini meli inageuka, basi tazameni dira ya simu kila mara kabla ya kusimama. Mama ni msafiri, anaweza kukusanya na kupunguza. Akichoka asali ameketi.

Kuhusu maradhi ya tumbo yanayosikika kwenye habari, yapo, na ile dawa ya kupaka mikononi peke yake haiviui virusi vile vizuri. Sabuni na maji, kila mara kabla ya kula. Zahanati ya meli ina daktari na wauguzi, lakini ni ya kulipia, na ghali. Mama hana bima ya hapa. Mkatie bima ya safari inayotaja wazi matibabu na kusafirishwa kutoka baharini, uwaambie bila kuficha kuwa ana sukari. Hili nakuomba kwa herufi kubwa.

Pesa nyingine zitatoka bila ya wewe kuziona, kwa sababu kila kitu ni kadi moja. Bakshishi ni karibu dola 18 kwa mtu kwa siku, na hujiongeza yenyewe kwenye hesabu. Usiende dawatini kuomba iondolewe, wapo wafanyao hivyo na inaniuma. Wale vijana hufanya kazi siku saba kwa wiki, miezi sita, saba, minane mfululizo, watoto wao wako Manila au Kingston. Wana beji yenye jina na nchi. Soma jina, umwite kwalo. Maji ya kawaida, chai na kahawa ya kawaida havilipiwi, kwa hiyo huyo Mama hahitaji kifurushi cha vinywaji hata wakikusihi. Simu ziwekeni hali ya ndege tangu mnaondoka gatini.

Visiwani usimchoshe. CocoCay, kile kisiwa cha wenye meli huko Bahamas, meli hufunga gati, kuna vigari vya kuwapeleka watu ufukweni na kuna vivuli, hapo atapumzika. Mkifika St. Thomas, katika Visiwa vya Virgin vya Marekani, chukueni teksi mzunguke. Atastaajabu kuona magari yanapita kushoto kama kwetu, na ni ardhi ya Marekani. Na kwa kuwa alisomesha historia maisha yake yote, mpeleke kwenye bustani ya ukombozi pale mjini Charlotte Amalie, inayokumbuka tarehe 3 Julai 1848 watumwa walipoachwa huru. Wakati huo watawala walikuwa Wadenmarki, ambao mwaka 1917 waliviuza visiwa kwa Marekani kwa dola milioni 25. Ukiwa naye pale mwachie aseme yeye, wewe sikiliza. Ila rudini mapema, na mfuate saa ya meli, msiiamini ya simu, kwani simu hujigeuza kwa saa ya kisiwa. Anayechelewa kwenye matembezi yake mwenyewe huachwa.

Usiku wa mwisho masanduku huwekwa nje ya mlango, asubuhi mnayakuta bandarini. Mbakishie Mama dawa zake, viatu na nguo za asubuhi. Na msiwe na haraka ya kushuka. Kaeni mnywe chai mpaka msongamano upungue, au mwombeeni msaada wa kiti.

Nitumie namba ya chumba kabla hujalipia, nitazame ramani ya ghorofa nikuambie kiko umbali gani na lifti. Na mpe Mama simu Jumapili jioni nizungumze naye, ana swali la insulini ambalo najua hatakuuliza wewe.

Mabusu mengi kwake na kwa watoto.

Shoga yako,
Zuhura