Kabla Hujanunua Asidi, Tuambie Uchafu Ni Upi

Mteja akiingia dukani kwetu hapa River Road akasema, "Nipeni asidi, choo kimenishinda," sisi humuuliza sakafu ya choo hicho ni ya nini. Wengine huona tunawapotezea muda. Lakini asidi haichagui: ile inayotafuna ukoko mweupe ndani ya choo ndiyo itakayotafuna terazo ikimwagika chini. Terazo ni vipande vya marumaru vilivyoshikanishwa kwa saruji, na marumaru ni kalsiamu kaboneti. Asidi ikitua hapo utaona povu linafoka. Hiyo ni gesi ya kaboni dioksidi, na maana yake sakafu yako inayeyuka. Mng'aro ukiondoka hivyo haurudi kwa sabuni wala kwa nta, mpaka fundi aje na mashine aisage upya.

Kemia yenyewe si ndefu. Asidi ikiwa ndani ya maji huachilia ioni (chembe ndogo zenye chaji ya umeme) za haidrojeni. Besi huzipokea ioni hizo, au huleta ioni za haidroksidi ambazo huungana nazo zikawa maji. Kipimo chake ni pH, kilichobuniwa na Sørensen wa Denmark mwaka 1909, na kwa kawaida husomwa kutoka 0 hadi 14. Maji safi ni 7. Ndimu hukaribia 2, na hiyo ni asidi. Magadi ya kulainishia githeri, yale ya kutoka Ziwa Magadi kule Kajiado, hukaribia 10, nayo ni besi. Kostiki soda, besi kali ya kutengenezea sabuni, hupita 13. Kila hatua moja ni mara 10, kwa hiyo usidhani 13 ni jirani ya 10.

Sasa njoo kwenye mafuta. Mwenye kibanda cha chipsi akija kutafuta asidi ya kutoa grisi ukutani, tunamrudishia pesa zake mfukoni. Mafuta hutolewa na besi, kwa sababu besi kali huyavunja yakawa sabuni na gliserini. Watengenezaji sabuni hutununulia kostiki kwa kazi hiyo hiyo. Na ule utelezi unaousikia vidoleni ukigusa besi ni mafuta ya ngozi yako yakianza kugeuka sabuni. Ndiyo maana sisi huhofia kostiki kuliko asidi: asidi huuma papo hapo ukaruka, lakini kostiki inaweza kukuchoma kabla hujasikia maumivu makali. Ikikurukia, vua nguo iliyolowa na ujimwagie maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha nenda hospitali. Usipake ndimu eti uipoze. Asidi na besi zikikutana hutoa joto, na joto ndilo usilotaka kwenye kidonda.

Kostiki usiioshee sufuria pia. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki huila alumini huku ikitoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Sufuria ikiwa nyeusi ndani, chemshia maji yenye ndimu au ukwaju, itang'aa.

Mtindo wa siku hizi wa kuchanganya siki na soda ya kuokea ndipo usafishe sinki hautuudhi, ila ni hasara. Asidi na besi zikikutana huuana, ukabaki na chumvi, maji na povu la kufurahisha macho. Tumia moja, suuza, halafu nyingine ukitaka.

Mchanganyiko tunaoukataza kabisa ni asidi ya choo pamoja na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe (ile ambayo kila mtu huiita Jik hata ikiwa ya kampuni nyingine). Hutoa gesi ya klorini, iliyotumika kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915 katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Choo cha ploti hakina hata dirisha la maana. Gesi hiyo haina pa kwenda ila mapafuni mwako.

Ukija kununua kwa kupima, leta jerikani ngumu yenye kifuniko kinachobana, tutaibandikia jina la kilichomo. Kwenye chupa ya soda hatutii, hata ukituahidi kwamba nyumbani hakuna mtoto. Na ukifika nyumbani ukataka kuzimua, tia maji kwanza kwenye ndoo ya plastiki, ndipo umimine asidi au kostiki polepole juu yake. Ukianza na dawa ukaimwagia maji, inaweza kuchemka ghafla ikakurukia usoni.