Shukrani kwa ndugu aliyeipendezesha baiskeli yangu
Kwako ndugu niliyekukuta kando ya barabara ya Limuru, ambaye sikupata kukuuliza jina, pokea shukrani zangu za dhati. Ulinifungia upya utepe mweusi wa usukani, ukafupisha waya za breki zilizokuwa ndefu kupita kiasi, kisha ukavua tairi na kulirudisha ili nembo yake ikae sawasawa na vali ya kujazia upepo, jambo dogo ambalo kwa maoni yangu ndilo hasa linaloipa baiskeli ya mbio unadhifu wake. Hata picha uliipiga wewe: upande wa mnyororo, mnyororo ukiwa kwenye gia kubwa ya mbele, vali zote mbili chini, na jua la jioni likiangaza fremu. Malipo uliyakataa, Mungu akuzidishie.