Jumamosi tunaangalia Supa Modo

Wapendwa, za jioni. Najua wengi mlipigia kura filamu ya mapigano, lakini wiki hii nivumilieni. Tutaangalia Supa Modo ya Kenya, ya mwaka 2018, aliyoiongoza Likarion Wainaina. Ni fupi, dakika 74 tu.

Jo ana miaka 9. Anaumwa ugonjwa usiopona, na mama yake amemtoa hospitali amalizie siku zake nyumbani. Kichwani mwake yeye ni shujaa wa sinema, wa kuruka angani. Dada yake, Mwix, hakubali mtoto alale tu akisubiri. Anakiingiza kijiji kizima kwenye mchezo, kila mtu ajifanye nguvu za Jo ni za kweli. Mama hataki kusikia habari hizo. Mwangalieni huyo mama vizuri. Mie nilisimamisha filamu nikaenda kubandika chai, na wala sikuwa na hamu ya chai.

Msiogope, kucheka pia kupo, tena sana.

Wiki ijayo ni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Mliokwisha kuisoma, tafadhali msitusimulie mwisho.

Saa mbili usiku. Mwenye spika aje nayo, ile yangu inakoroma.